Taa Moja Mkekani: Mwanga wa Nyumba Unaowakutanisha Wazazi na Watoto

Anayepita Kidahwe usiku siku hizi, pale barabara itokayo Kigoma mjini inapogawanyika, moja ikishika njia ya Kasulu na nyingine ya Uvinza, hukuta nyumba za tofali za kuchoma zinazowaka kila dirisha. Sebuleni taa, chumbani taa, jikoni taa, barazani taa. Kituo cha kupoza umeme kimejengwa hapo hapo Kidahwe. Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani Kigoma, mkoa ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na habari za majenereta ya dizeli zikaanza kuwa za kusimuliwa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umepeleka nguzo hadi katikati ya michikichi. Mwanakijiji huunganishwa kwa shilingi 27,000, na mwenye chumba kimoja au viwili asiyemudu kutandaza nyaya nyumba nzima huweza kufungiwa UMETA, kile kifaa cha Umeme Tayari.

Neema hiyo haina ubishi. Lakini kaa ndani ya mojawapo ya nyumba hizo kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Baba yuko sebuleni na taarifa ya habari. Mama yuko jikoni. Kijana wa kidato cha pili amejifungia chumbani na simu. Wadogo wawili wamepitiwa na usingizi kwenye kochi, taa ya dari ikiwapiga usoni, watabebwa baadaye. Kila mtu ana mwanga wake, hivyo hakuna anayemhitaji mwenzake ili aone. Enzi za kibatari taa ilikuwa moja, na aliyetaka kuona kitu ilimbidi asogee.

Hakuna anayemwombea mtu kurudi kwenye kibatari. Waliolelewa nacho wanakumbuka kuamka na masizi puani, moshi unaowasha macho wakati wa kusoma, na vyandarua vilivyoshika moto. Bei ya mafuta ya taa nayo ilipanda sana baada ya serikali kuongeza kodi mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na wengi wakahamia kwenye taa za jua kabla hata nguzo za TANESCO hazijafika. Kibatari kizikwe. Kinachofaa kuokolewa ni ule mduara wa watu uliokizunguka, na mduara huo unaweza kuundwa upya kwa balbu ya kisasa kama mwenye nyumba atajua aiweke wapi, kwa kimo gani, na yenye mwanga wa rangi gani.

Tatizo ni kwamba swali hilo haliulizwi. Fundi umeme anakuja, anahesabu vyumba, anafunga holda moja katikati ya kila dari na swichi moja kando ya mlango, analipwa, anaondoka. Familia inahamia ndani ya mpango ambao hakuna aliyeupanga.

Kwamba mwanga hubadili maongezi si dhana ya wazee wanaolilia zamani. Mwanaanthropolojia Polly Wiessner wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa mazungumzo ya Waju/’hoansi, jamii ya Wasan wa Namibia na Botswana. Mchana, asilimia 34 ya mazungumzo yao yalikuwa malalamiko na kusemana, na asilimia 31 yalihusu riziki. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Usiku, wakizunguka moto, hadithi zilifika asilimia 81. Watu walikuwa wale wale, na jangwa lile lile. Kilichobadilika ni saa, na mwanga hafifu uliowaweka karibu, ambao haukuwaruhusu kufanya kazi nyingine yoyote.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Uroa, kijiji cha wavuvi pwani ya mashariki ya Unguja. Tanja Winther, mwanaanthropolojia kutoka Norway, aliishi na watu wa huko baada ya umeme kufika, na kitabu chake cha mwaka 2008 kinaeleza jinsi taa na televisheni zilivyobadili jioni za kijiji kizima. Aliyewahi kuona sebule ya Ujiji au ya mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, wakati wa mechi ya Simba na Yanga hahitaji kusimuliwa: macho yote yanatazama ukuta mmoja, na mtoto mwenye la kusema huambiwa subiri. Televisheni si dhambi. Ila inapokuwa ndiyo kitu chenye mwanga mkali kuliko vyote chumbani, ndiyo inayotawala maongezi.

Basi tuanze na sanduku la balbu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Duka la vifaa vya umeme Mwandiga au Kigoma mjini litakuwa na balbu za LED za aina mbili: za pini na za kuzungusha. Mnunuzi hutazama wati na bei, basi. Ubavuni mwa sanduku kuna namba nyingine inayoishia na herufi K, na hiyo ndiyo inayoeleza rangi ya mwanga. Ikiwa 6500, mwanga ni mweupe unaoelekea ubuluu, kama wa dukani. Ikiwa 2700 au 3000, mwanga ni wa njano, unaokaribia ule wa moto na wa jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo ng’ambo ya ziwa. Maduka yetu yamejaa 6500 kwa sababu watu huamini mweupe ndio wenye nguvu na hautumii umeme mwingi. Imani hiyo haina msingi; wati 9 ni wati 9, ziwe nyeupe au njano. Muulize muuzaji balbu ya mwanga wa njano. Akisema hana, mwambie aagize. Akiulizwa na watu watatu wanne ataleta.

Kabla ya kulipa, iwashe balbu pale dukani, kisha ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, balbu hiyo inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni, na kukaa chini yake muda mrefu huchosha macho na kuwaumiza baadhi ya watu kichwa. Chagua nyingine.

Kwa nini rangi ni muhimu kwa mzazi? Kwa sababu ya usingizi wa mtoto, na usingizi ndio unaoamua kama jioni itaisha kwa kukumbatiana au kwa makelele. Mwili hutoa homoni ya melatonini giza linapoingia, ukijiandaa kulala. Mwanga unaoingia machoni, hasa wenye ubuluu mwingi, huizuia. Watoto huathirika kuliko watu wazima, maana mboni zao ni pana na lenzi za macho yao ni angavu. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, kiliwapima watoto 10 wenye umri wa miaka 3 hadi 5 na kuchapisha matokeo mwaka 2018: saa moja ya mwanga mkali wa lux 1,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) kabla ya kulala ilishusha melatonini kwa takriban asilimia 88, na dakika 50 baada ya taa hiyo kuzimwa, wengi wao walikuwa hawajarudi katika hali ya kawaida. Mwaka 2022 watafiti hao walirudia kwa watoto 36 wakitumia viwango tofauti vya mwanga. Hata ule hafifu wa lux 5 hadi 40 ulishusha melatonini kwa wastani wa asilimia 78.

Maana yake ni kwamba kubadili rangi ya balbu peke yake hakutoshi. Inabidi kuushusha mwanga chini ya usawa wa macho, kuufunika usimpige mtoto moja kwa moja, na kuzima ile ya dari mapema.

Na Kigoma mapema maana yake ni mapema kweli. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao haugusi hata kipande kimoja cha Tanzania. Kigoma iko karibu na longitudo 29.6. Ndiyo maana jua huzama Ujiji karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam: mwezi wa Novemba ni kabla kidogo ya saa 1 jioni, na Februari hufika saa 1 na dakika 25. Asubuhi ni kinyume chake. Julai jua huchomoza Kigoma saa 1 na dakika 10 hivi, wakati mwanafunzi wa shule ya msingi ameshaamshwa saa 11 na nusu alfajiri, kiza kikiwa bado kizito, na ameshaondoka nyumbani.

Sasa piga hesabu. Akademia ya Marekani ya Tiba ya Usingizi ilipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa 11 na nusu alfajiri anatakiwa awe amelala saa 2 na nusu usiku, na hapo amepata saa 9 tu, kiwango cha chini kabisa. Jua limezama saa 1. Kwa hiyo kati ya giza kuingia na mtoto kulala, mzazi wa Kidahwe ana saa moja na nusu. Ndani yake kuna kuoga, kula, kazi za shule na maongezi. Mzazi wa Tanga ana saa mbili na zaidi. Ndiyo maana suala la taa, ambalo mtu wa mjini anaweza kuliona la mapambo tu, huku magharibi ni suala la muda.

Muda huo ugawe kwa taa. Nusu saa ya kwanza iwe ya mwanga mkali: hapo ndipo kazi za shule zinafanyika na chakula kinapakuliwa. Mtoto anayeandika anahitaji taa iliyo upande wa pili wa mkono wake wa kuandikia. Anayetumia mkono wa kulia aiweke kushoto, la sivyo kivuli cha mkono hufunika kile anachokiandika. Meza ya kusomea iwe sebuleni au karibu na jikoni, si chumbani. Mama anayesonga ugali akiwa hatua tatu kutoka kwenye daftari la hesabu huulizwa maswali ambayo hayangeulizwa kupitia mlango uliofungwa.

Baada ya kula, zima ile kubwa. Hili ndilo tendo moja la kila siku ambalo makala hii ingependa lishike kuliko mengine yote. Zima ya dari, washa ya chini. Mtoto wa miaka minne atajifunza maana yake ndani ya muda mfupi: sasa hakuna kazi tena, sasa tunakaa.

Taa ya chini ni ipi? Si lazima iwe ya kununua. Mdenmark Poul Henningsen, aliyezaliwa mwaka 1894 na kulelewa chini ya taa ya mafuta, alichukizwa na namna balbu za umeme zilivyokuwa zikichoma macho, akatumia miaka mingi kubuni vifuniko vinavyoficha balbu na kuumwaga mwanga juu ya meza tu. Taa zake za miaka ya 1920 bado zinauzwa kwa bei ya pikipiki. Lakini kanuni yake ni ya bure: jicho lisiione balbu, lione kile kinachomulikwa. Kikapu cha ukindu kilichopinduliwa juu ya balbu ya LED ya wati 5 kinafanya kazi hiyo. Kibuyu kikavu kinafanya vizuri zaidi. Kikate kitako, kisha mpe mtoto penseli achore vitone ubavuni. Baba atoboe kila kitone kwa msumari uliochomwa kwenye moto. Jioni hiyo kuta zitajaa nyota, na mtoto atawaambia wageni wote kwamba taa hiyo aliitengeneza yeye. Sharti moja tu: tumia LED, kamwe si zile balbu za kizamani za waya zinazochoma, na acha nafasi ya vidole vinne kati ya balbu na kifuniko.

Iweke kwenye kigoda, pembeni mwa mkeka, kimo cha bega la mtu aliyekaa. Kimo hicho kina sababu. Mwanga wa kutoka juu hutia kivuli machoni na kufanya kila uso uonekane umekunja ndita. Mwanga wa pembeni huonyesha macho, mdomo na tabasamu. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajasikia neno. Tena nyumba nyingi za huku hazina dari ya silingi bodi, ni bati tupu juu ya kenchi, hivyo mwanga mwingi wa taa ya juu hupotea kwenye bati. Ukiwa na taa ya chini na ukuta uliopakwa chokaa nyuma yake, wati 5 zinaonekana kama 10.

Wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanaijua siri ya taa iliyotulia mahali pamoja, kwa kuwa ndiyo iliyowalisha: tangu enzi za karabai hadi hizi taa za betri, dagaa hupanda kuufuata mwanga uliowekwa karibu na maji, na taa zikitawanyika ovyo nao hutawanyika. Watoto wa sebuleni ni vivyo hivyo. Nyumba ikiwa na sehemu moja tu yenye mwanga mzuri saa 2 usiku, kila mtu atajikuta hapo bila kuitwa.

Familia za wavuvi zina fumbo lao, na ushauri wa magazeti ya mijini huzisahau. Baba anavua usiku wa giza na anabaki nyumbani siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa ya mtumbwini haina nguvu. Mtoto wake anamwona baba kwa kufuata mwezi. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, mifuko ilikauka na malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini kwa miezi mitatu akina baba hao walilala nyumbani kila usiku. Nje ya kipindi kama hicho, mwanga wa familia hizi unapaswa kupangwa kwa alfajiri. Baba anarudi na kapu lake wakati mtoto anajiandaa kwenda shule. Hapo hakuna haja ya mwanga wa njano. Hapo ndipo ile balbu ya 6500 inapopata kazi yake halali. Washa mwanga mweupe, mkali, mahali pa chai, dakika kumi baada ya mtoto kuamka. Mwanga wa asubuhi huuamsha mwili na kuusaidia kusinzia kwa wakati usiku unaofuata. Chai ya rangi, muhogo wa jana, baba ananuka ziwa, mtoto ana sare: robo saa hiyo ikiwa na mwanga wa kutosha kuonana, ni mkutano kamili. Ikiwa kila mtu anapapasa viatu vyake kwa tochi ya simu, imepotea.

Jikoni nako kusidharauliwe. Katika nyumba nyingi za Kidahwe jiko liko uani, na taa, kama ipo, imefungwa juu ya mlango. Mpishi akigeukia mafiga anakuwa ameipa mgongo taa hiyo na kujitia kivuli mwenyewe. Mwambie fundi aihamishie ukuta wa pembeni, na uweke vigoda viwili vya ziada. Kuchambua dagaa ni kazi ya mikono midogo: kutoa mchanga, vijiti na kokoto, ungo ukiwa magotini mwa wawili. Kazi ya aina hiyo, inayoshughulisha mikono na kuacha mdomo huru, ndiyo inayotoa siri za shuleni ambazo hazitoki kwa kuulizwa, “Mwanangu, leo umejifunza nini?”

Mvua za kwanza zinapoanza na kumbikumbi wanapovamia nyumba, usigombane nao. Zima taa za ndani, washa moja uani juu ya beseni la maji, waite watoto. Siku nyingine, taa ya njano huvutia wadudu wachache kuliko nyeupe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka barazani.

Kwa mama anayenyonyesha, taa ya usiku ni muhimu kuliko zote. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na huo ndio umbali kati ya titi na uso wa mama. Taa ikiwa nyuma ya mama, uso wake unakuwa kivuli cheusi na mtoto hana cha kutazama. Tochi ya simu ikielekezwa kwa mtoto, inamwamsha kabisa na usiku umeharibika. Taa ndogo ya njano, ya wati 1 au 2, ikae pembeni, chini kidogo ya kitanda, imulike shavu la mama. Baba naye alale upande wenye swichi. Kazi yake iwe kuwasha na kuzima, na kumpokea mtoto wa kucheua. Ni kazi ndogo, lakini inamtoa kwenye kundi la watu wanaolala fofofo.

Watoto wakubwa kidogo wana hofu ya giza, na hofu hiyo isitaniwe. Usiwaachie taa ya chumbani usiku kucha. Weka ile ndogo koridoni, mlango uachwe wazi kidogo, ili mtoto akiamka aone njia ya kuelekea kwa wazazi. Kwa choo cha nje, taa ya jua inayojiwasha mtu akipita inasaidia, ila isimwondolee mzazi wajibu wa kumsindikiza. Katika mwendo huo wa hatua ishirini uani, nyota zikiwa juu, mtoto husema mambo.

Kijana ni mtihani mwingine. Kumnyang’anya simu ni vita. Kuhamisha soketi ni ujenzi. Nyumba inayowekewa nyaya leo iwe na mahali pamoja pa kuchajia, sebuleni, karibu na ile taa ya chini, na vyumba vya watoto vibaki na taa bila soketi. Ikiwa soketi zipo tayari, ekstensheni moja kubwa sebuleni na kanuni inayowahusu hata wazazi itatosha. Kanuni isiyomhusu baba haidumu wiki. Simu hufuata chaji, na kijana hufuata simu yake. Akishakaa hapo, mdogo wake atamwegemea, bibi ataanzisha “Paukwa!” na yeye, kwa uvivu wa kuondoka, atajikuta akiitikia “Pakawa!”

Wenye mitambo midogo ya jua, ile ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, wana faida wasiyoijua. Mitambo hiyo huja na taa tatu au nne na mara nyingi tochi moja ya kubeba. Watu hugawa taa chumba kwa chumba. Jaribu kuziweka mbili sebuleni, moja juu kwa ajili ya kazi, moja chini kwa ajili ya maongezi, na tochi iwe ya koridoni. Umeme wa TANESCO unapokatika, na hukatika, balbu ya kuchaji inayobaki ikiwaka peke yake inaifanya kazi hiyo hiyo bila mtu kupanga. Familia nyingi zitakiri kwamba usiku wa umeme kukatika ndio waliocheka zaidi. Basi hakuna sababu ya kuingoja hitilafu. Swichi iko mlangoni.

Gharama isiwe kisingizio. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 4 kila siku hutumia takriban uniti 1 kwa mwezi. Mteja wa kundi la D1, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Taa ya kibuyu ya wati 5 haifiki hata hapo. Kuzima za vyumba visivyo na mtu na kubaki na moja mkekani kunapunguza matumizi ya LUKU, hivyo hata yule asiyejali habari za mapenzi ya wazazi na watoto atakuwa na sababu yake.

Unayejenga sasa, au unayesubiri zamu yako ya REA, zungumza na fundi kabla hajachimba ukuta. Mwombe swichi yenye vibonyezo viwili sebuleni, kimoja cha taa ya dari na kingine cha soketi ya chini pembeni pa kukalia. Mwombe taa ya jikoni iwe ukutani, si mlangoni. Mwombe swichi ya njia mbili chumbani, mlangoni na kitandani. Atashangaa kidogo, ataongeza mita chache za waya kwenye hesabu yake, na atafanya.